Koti Halipimwi

Jumapili yangu si yangu. Nikirudi kanisani, kabla hata sijavua viatu, geti linagongwa, na kijana ninayemjua kwa sura tu anasimama pale na bahasha ya kaki kifuani. Ametumwa na shangazi yake, au na mtu anayesali naye, au na mtu niliyempimia begi mwaka juzi. Anataka ushauri wa kwenda nje. Namkaribisha, namwekea chai, halafu naanza upya maneno yale yale niliyoyasema Jumapili iliyopita, kama mtu anayepiga deki chumba ambacho watu hawaachi kupita.

Mimi si wakala wa safari na sina ofisi. Nafanya kazi uwanja wa ndege wa Kanombe, kwenye kaunta ya kupokea mizigo, na nimesimama pale miaka ishirini na kitu, miguu yangu inajua. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi wa Kinyarwanda, nikaja Kigali nikiwa msichana mkubwa, nikapata kazi kwa sababu ya Kiswahili cha Karagwe na Kifaransa cha kuokoteza. Ughaibuni nimekaa mara moja tu maishani. Walinipeleka Ubelgiji miezi saba kwa mafunzo, nikarudi na cheti na koti moja zito la kijivu. Kwa majirani zangu wa Rebero hiyo inatosha. Nilifika, nikarudi, na kila siku naona wanaoondoka, kwa hiyo najua.

Na kweli najua, siwezi kukana. Najua kwamba mtu hujaza begi kwa ajili ya kule anakotoka, si kule anakokwenda. Nimemwona msichana anayekwenda kusomea uuguzi kwenye nchi ya theluji akiwa na jozi tisa za viatu vya wazi. Nimemwona kijana aliyetia vyeti vyake vyote halisi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Nilipomwambia avitoe aliniangalia kana kwamba mimi ni askari wa barabarani. Vyeti hukaa mkononi, nawaambia, na nakala zake ziache kwa mtu mmoja unayemwamini. Jino bovu ling'oe hapa hapa, maana kule utangoja miadi hadi shavu livimbe. Kama unavaa miwani, chukua na ya pili. Dawa iende na karatasi ya daktari. Namba ya mwenyeji wako iandike kwenye karatasi, kwa sababu simu itazima siku ile ile utakayoihitaji. Jifunze kupika vitu vitatu, kimoja kiwe maharage. Ukiulizwa swali na mtu wa serikali, jibu ulichoulizwa, kweli na kwa kifupi, usimpe historia ya ukoo.

Wanaandika yote kwenye simu zao. Nusu yao hawatafanya hata moja, nami nitawaona tena pale kaunta, jasho linawatoka.

Kuna mambo mawili ninayoyakazia kuliko mengine. La kwanza ni kupima begi nyumbani, na likishapimwa lifungwe, mama asilikaribie tena. Akina mama wa mji huu nimewavulia kofia. Nimefungua mabegi yaliyozidi uzito mbele ya foleni nzima, na karibu kila mara kinachotoka ni kitu ambacho mwenye begi hakijui: dagaa wakavu, maharage, unga wa mtama ndani ya mfuko wa karatasi uliochomekwa kwenye kiatu. Kila abiria tunamuuliza swali lile lile, begi umelifunga mwenyewe, kuna mtu amekuwekea kitu. Mtoto anajibu kwa moyo safi kwamba amelifunga mwenyewe na hakuna aliyemwekea kitu. Hajui kwamba mama yake ameshamfanya mwongo. Natoa ule unga, nausukuma pembeni, mtoto anageuka kutafuta watu wake nje ya vioo, na mama pale nje anajifanya anaangalia saa.

Kama kilichozidi ni kidogo, nawaambia, kivae. Koti halipimwi. Vaa koti lako zito hata kama jua la Kanombe linakuunguza, jaza mifuko, pita. Na kuna fundi wangu mmoja, ndani ya soko la Kimironko kwenye safu ya washonaji, ambaye nilimfundisha kushona mfuko wa siri ndani ya bitana, wa kutosha pasipoti na karatasi mbili. Nimempelekea wateja wengi mpaka siku hizi yeye ndiye anayejua kabla ya mtu yeyote mjini nani anataka kusafiri.

La pili ni kunyamaza. Mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti, safari haipo, usimwambie mtu. Wengi wanadhani naogopa kijicho. Mimi naogopa upendo. Safari ikishasemwa inakuwa mali ya watu. Wataanza kukuombea, kukuaga, na kukutuma, na ikivunjika utabaki kuieleza geti kwa geti. Usimwambie rafiki, nasema, usimwambie hata mama yako, maana mama ana kundi la maombi.

Hapo vijana hucheka. Sisi wenye kundi la maombi hatucheki.

Mwanangu ni mmoja, binti. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na tangu hapo nyumba yetu ya Rebero imekuwa ya watu wawili na redio. Ni mtu wa mambo ya maji, amesomea kupima mito na visima. Mwaka juzi alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili Kanada. Barua ya chuo ilipokuja alinionyesha jikoni, akaniomba jambo moja tu, nisiseme mpaka viza itoke. Nikamuuliza anadhani anaongea na nani. Ushauri huo si ni wa kwangu?

Mganga hajigangi. Nilikaa na siri ile siku nne. Siku ya tano tulikuwa kwenye maombi, kila mama anataja mahitaji yake, na mimi, ambaye kwa miaka ishirini nimewapitisha watoto wa wenzangu mmoja mmoja kwenye kaunta, nikasema na wa kwangu anakwenda. Nilimwambia mmoja tu. Sawa, walikuwa sita. Nilisikia raha niliyokuwa sijaisikia tangu ujana.

Ndani ya wiki mbili safari haikuwa tena ya mwanangu. Kwetu hapa mgeni aliyekuja kunywa chai ya nusu saa hatumwachi atoke peke yake, tunamsindikiza mpaka barabarani, wengine mpaka apande gari. Sasa mtoto anayevuka bahari ataondokaje bila kuagwa? Wakapanga Jumamosi. Likaja hema, vikaja viti, mishikaki ikachomwa, mzee wa kanisa akaomba mpaka soda zikapata joto. Viza ilikuwa bado. Binti alikaa katikati ya wale watu amevaa umushanana, lile vazi letu la kitambaa kinachofungwa begani, anatabasamu kwa mdomo tu. Kila aliyekuja alikuja na kifurushi cha mtoto wake aliyeko Kanada. Isombe iliyokaushwa, yale majani ya muhogo, kikapu, mto wa kitanda, vazi la bibi harusi. Waliporudi makwao tulihesabu vifurushi kumi na kimoja juu ya kitanda chake.

Barua ya kukataliwa ilikuja Jumanne. Walisema hawakuridhika kwamba angerudi nyumbani akimaliza masomo. Niliwakasirikia sana watu wale nisiowajua, nikawasema nyumba nzima, hadi nilipoingia chumbani nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye kitanda, anaangalia vile vifurushi. Hapo nikaelewa kwamba barua haikuwa jambo baya kuliko yote.

Alivirudisha mwenyewe. Nilijitolea, akakataa. Kwa siku nyingi, akitoka kazini, alipanda pikipiki na kifurushi kimoja mapajani, akaenda Gikondo, akaenda Kacyiru, akaenda huko wanakoishi, na kila nyumba alilazimika kuingia, kukaa, kunywa kitu, na kueleza. Mwenye lile vazi la harusi alimwambia Mungu ana mpango wake, halafu akalikunjua mbele yake akague kama limepata doa. Kanisani walimuuliza mwaka mzima kama bado yuko hapa. Akahama kanisa. Mimi hakunihama, alibaki, akipika zamu yake na kunisalimu vizuri. Lakini aliacha kuniambia mambo. Alinieleza kilichopo kwenye sufuria na saa atakayorudi, basi. Nilimzoea hivyo kama mtu anavyozoea goti linalouma, na sitadanganya kwamba halikuuma.

Mwaka huu, mwezi wa sita, nilikwenda Kimironko Jumamosi asubuhi kuchukua gauni langu. Fundi alinikunjia gauni, akaniona nafungua mkoba, akasema bila wasiwasi wowote:

"Mama, na koti ya mtoto iko tayari. Nimeweka mufuko mbili kama alisema. Umupelekee?"

Akalishusha kutoka kwenye msumari. Lilikuwa koti langu. Koti la Ubelgiji, la kijivu, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti nilichokibadilisha mwenyewe. Lilikuwa linakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, na mwanangu alikuwa ameingia chumbani mwangu, akalifungua sanduku, akalitoa, asiniambie. Nilishika mkono wa lile koti. Bitana ilikuwa mpya, na ndani yake mfuko wa pasipoti, umeshonwa kama nilivyomfundisha fundi mimi mwenyewe.

Nilikasirika kwanza. Halafu nikaumia, na kuumia kulikuwa kubaya zaidi. Fundi wa sokoni anajua, mimi sijui. Wateja walikuwa wananipita na mafurushi yao ya vitenge, mmoja akaniomba nisogee. Nilimrudishia fundi koti. Nikamwambia aliache, mwenyewe atakuja kulichukua, na mimi sikuliona. Aliniangalia kidogo, sindano mdomoni.

"Sawa, mama," akasema. "Haujaona kitu."

Kwenye basi la kurudi nilijipangia namna tatu za kumuuliza. Zote zilianza vizuri na kuishia kwenye ugomvi. Niliogopa pia, heri niseme. Nilijiona kwenye nyumba ile ya Rebero, mimi na redio, nikipika kikombe kimoja cha mchele. Tulipofika kituoni nilikuwa nimechoka hata na hasira zenyewe. Mtoto alinificha kwa sababu mara ya kwanza niligeuka kuwa soko. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa, ambacho hakikuzidi uzito, ni kunyamaza. Nikashuka, nikanunua nyanya, nikaenda nyumbani nikamkuta anapiga pasi. Nikamsalimu. Nikanyamaza.

Nilinyamaza wiki tisa. Wanaosema kunyamaza ni kazi nyepesi hawajawahi kukaa kwenye kundi la maombi la akina mama. Walipouliza mahitaji nikaombewa magoti. Yaliombewa wiki tisa mfululizo, na nadhani yamepona kidogo. Mmoja alinibana baada ya ibada, akataka kujua kama binti amekata tamaa na mambo ya Kanada. Nikamwambia anaendelea na kazi, nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Siku nyingine nilikuwa nafagia chumbani, nikalisukuma lile sanduku la bati kwa fagio, likaenda hadi ukutani kwa wepesi wake.

Jumapili vijana waliendelea kuja na bahasha zao. Yeye mara nyingi yuko jikoni, mlango wazi, anakata vitunguu. Sijui ilianza lini, lakini nilijikuta napandisha sauti. Nilikuwa namwambia kijana aliyekaa mbele yangu, lakini maneno yalikuwa ya jikoni. Nilisema mwezi wa kwanza utalala na soksi na utadhani unaumwa, huumwi, ni upweke, amka, vaa, toka nje hata kama jua halina joto. Nilisema usipige simu nyumbani unapolia, piga ukishanawa uso. Nilisema ukikaa wiki nzima hujasikia mtu akitaja jina lako, nenda dukani ununue kitu kidogo, muuzaji akuangalie usoni. Nilisema glavu zifungwe kwa uzi kwenye mikono ya koti kama za mtoto, usione aibu, mimi nilipoteza jozi tatu. Kijana mmoja alinisikiliza nusu saa kuhusu theluji na viatu vya ngozi, halafu akanikumbusha kwa adabu kwamba yeye anakwenda India. Kule jikoni kisu kilikuwa kimesimama.

Jumatano moja mwezi wa nane, asubuhi, nilikuwa nafunga vifungo vya sare kabla ya zamu. Alikuja akaweka pasipoti kando ya kikombe changu cha chai, imefunguliwa kwenye ukurasa wenye viza. Nyumbani kwetu tunaongea Kinyarwanda, lakini mambo mazito tumezoea kuyasema kwa Kiswahili, mimi changu cha Karagwe, yeye chake cha Kigali. Alisema ni Jumamosi hii, ndege ya mchana.

Nilijitahidi kushtuka. Niliweka mkono kifuani.

"Mama, usijifanye," akasema. "Fundi aliniambia siku ile ile. Nilijua uko unajua."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Akavuta kiti.

"Nilikuwa nangoja kuona kama itafika kanisa."

"Na ilifika?"

"Haikufika."

Akachukua kikombe changu akanywa chai yangu, nusu nzima, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya vile vifurushi. Nilifurahi mpaka nikafunga kifungo kwenye tundu lisilo lake, na nilikwenda nacho hivyo hivyo kazini. Aliniomba mambo mawili. Hakuna kuagwa, atawaandikia watu akishafika. Na begi atalifunga mwenyewe. "Usiweke kitu, Mama. Hata kimoja." Nikaapa. Nani amewasema akina mama wanaoweka vitu miaka ishirini, kama si mimi?

Ijumaa alifunga begi sebuleni, kwa utaratibu kiasi kwamba ningeweza kulia. Vizito upande wa magurudumu. Nguo za siku tatu kwenye begi la mkononi. Vyeti mkononi. Akalining'iniza kwenye mizani ya mkono, akanionyesha: kilo ishirini na mbili na gramu mia nane. Ruhusa ni ishirini na tatu. Akavuta zipu, akavaa kandambili, akasema anakwenda kwa baba yake makaburini, atarudi baada ya saa moja.

Nikabaki na begi.

Wiki ile ile nilikuwa nimenunua mtama mwekundu Kimironko, nikaukaanga kidogo, nikausagisha. Ni ule uji aliokunywa alipougua surua, na alioniomba siku tulipomzika baba yake, alipokataa chakula kingine chote. Nilijiambia kwamba ni wa kunywa mimi. Lakini ulikuwa umeshafungwa kwenye mifuko miwili midogo ya karatasi, imekunjwa na kushonwa kwa uzi, na mtu hajifungii uji wake mwenyewe hivyo. Nilijua kila kitu. Nilijua unga ndio kitu cha kwanza kinachofunguliwa, nilijua mizani itasema nini, nilijua nimeapa. Mikono ilifungua zipu. Ilichukua buti zake mpya, ikasukuma mfuko mmoja kila kiatu, ikarudisha soksi juu, ikafunga. Niliosha mikono na kuanza kupika. Alipokula usiku ule alisifu mchuzi, nami nikaitikia.

Jumamosi nilikuwa zamuni tangu asubuhi. Alikuja saa saba, peke yake na begi lake, maana wa kumsindikiza nilikuwa tayari ndani. Jua lilikuwa kali, wote wamevaa mashati mepesi, na yeye amevaa koti la kijivu mpaka magotini. Kaunta zilikuwa tatu. Angeweza kwenda kwa mwenzangu, na pengine ningemshukuru. Akapanga foleni yangu, akangoja nyuma ya wengine kama abiria yeyote, na zamu yake ilipofika akaweka begi kwenye mizani na pasipoti mbele yangu.

Nilimuuliza ninachowauliza wote. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Begi umelifunga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu amekuwekea kitu?"

"Hapana."

Alijibu kweli na kwa kifupi, kama nilivyomfundisha. Mizani ikaandika ishirini na tatu na gramu mia tisa. Kioo kina pande mbili, abiria naye anaona. Aliangalia namba. Halafu akaniangalia mimi, na niliiona ile sura ya siku ya vifurushi inaanza kurudi taratibu.

Gramu mia tisa si kitu. Nimepitisha zaidi ya hapo kwa wajawazito, na kwa wanaolia. Ningebonyeza, begi likaenda, na yeye angeikuta mifuko ndani ya buti zake kule Kanada na asiseme lolote, na angeacha tena kuniambia mambo, safari hii kutoka mbali. Wiki tisa nilizomeza maneno zilikuwa zinaondoka kwa ajili ya uji. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona pale kazini.

"Lishushe," nikasema. "Ni mimi."

Nilizunguka kaunta. Nilipiga magoti chini, haya haya yaliyoombewa, nikafungua zipu mbele ya foleni nzima, nikavuta buti moja, nikatoa mfuko, nikavuta ya pili, nikatoa mfuko. Mama mmoja kwenye foleni aligeuza uso wake upande mwingine. Nadhani na yeye alikuwa na lake. Nilifunga begi, nikalirudisha kwenye mizani. Ishirini na mbili na mia nane. Nikasimama na ile mifuko miwili mkononi, mmoja umefumuka uzi, nikitaka kuiweka pembeni, pale ninapoweka ya akina mama wote.

Mwanangu akanyoosha mkono, akaichukua. Mmoja akautia mfuko wa kulia wa koti, mwingine wa kushoto, akaigonga juu kwa viganja.

"Koti haipimwi," akasema.

Nilimwambia watamuuliza pale mbele, kwenye ukaguzi. Nilimwambia unga unasumbua, watamsimamisha, watamtaka aufungue. Nilikuwa naongea haraka, ushauri wote wa Jumapili umenijia kwa pamoja.

"Wataniuliza, nitawaambia," akasema. "Ni uji. Mama ndiye aliweka."

Nikabandika karatasi kwenye mshikio wa begi, nikampa pasipoti na kadi ya kupandia. Alinishika vidole juu ya kaunta, kidogo tu, watu walikuwa wanangoja. Nilimwangalia akienda, koti limevimba pande zote mbili, mpaka alipopinda kona ya ukaguzi. Mikono yangu ilikuwa na unga. Niliipangusa kwenye sketi ya sare, nikamwita aliyefuata, nikamuuliza kama begi lake amelifunga mwenyewe.